Kutenga na Kutambua Homoni za Ukuaji za Mimea: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Homoni ya mmea ni kitu gani, kwa kifupi?

Ni kemikali ambayo mmea hujitengenezea kwa kiasi kidogo mno, na kiasi hicho kikatosha kubadili namna seli zinavyorefuka, zinavyogawanyika au zinavyozeeka. Mbolea si homoni, ingawa mawakala wengi wa pembejeo huzitaja kwa pumzi moja. Zinazofahamika zaidi ni oksini, jibereli, sitokinini, ethilini, asidi ya absisiki, brasinosteroidi, jasmonati na strigolaktoni. Gramu moja ya jani bichi kwa kawaida huwa na oksini ya nanogramu chache hadi makumi kadhaa, na nanogramu ni sehemu moja ya bilioni ya gramu. Brasinosteroidi huwa chini ya hapo kwa mbali.

Kutenga na kutambua si jambo moja?

Hapana, na mkanganyiko huu ndio unaoharibu tasnifu nyingi. Kutenga ni kuitoa homoni katikati ya sukari, klorofili, protini na tanini. Kutambua ni kuthibitisha kwamba ulichokitoa ni molekuli fulani, si ndugu yake wala uchafu unaofanana nayo. Unaweza kutenga kitu safi kabisa chenye kurefusha miche, usijue ni nini. Unaweza pia kuitambua homoni ndani ya mchanganyiko mchafu bila kuipata peke yake hata chembe, na siku hizi kazi nyingi hufanywa hivyo.

Ilijulikanaje kwamba ndani ya mmea kuna kitu kinachosafiri?

Kwa wembe na subira. Mwaka 1880 Charles Darwin na mwanawe Francis walieleza majaribio ya miche ya nyasi: ukiifunika ncha ya mche, mche hauinami tena kuelekea mwanga, ijapokuwa sehemu inayoinama iko chini ya ncha. Peter Boysen-Jensen wa Denmark akaikata ncha na kuirudisha juu ya kipande cha jelatini, ujumbe ukapita. Alipoweka kipande cha ulanga, madini yasiyopitisha maji, haukupita. Basi ulikuwa kitu kinachoyeyuka.

Frits Went, kijana wa Utrecht nchini Uholanzi, ndiye aliyekitoa nje ya mmea. Aliziweka ncha za miche ya oti juu ya vipande vya agari, aina ya jeli, akaziondoa, kisha akaibandika agari hiyo upande mmoja wa mche uliokatwa ncha. Mche ukainama kuelekea upande mwingine, na pembe ya kuinama ikaongezeka kadiri alivyotumia ncha nyingi zaidi. Alichapisha kazi hiyo mwaka 1928. Kwa maoni yangu hapo ndipo taaluma hii ilipozaliwa, kwa sababu alikuwa na kipimo chenye namba kabla hajajua hata fomula ya kile alichokuwa anakipima.

Ni kweli oksini ilipatikana kwenye mkojo wa binadamu?

Kweli. Hapo hapo Utrecht, kundi la mkemia Fritz Kögl lilijua kwamba ncha za oti hazingetosha hata zikikatwa na mji mzima, likatafuta chanzo chenye utajiri zaidi. Kila kioevu walikipima kwa mche wa Went, na mkojo ukashinda. Mwaka 1934 wakatoa humo asidi ya indoli-3-asetiki, ambayo kwa ufupi huandikwa IAA. Wanakemia walikuwa wanaijua molekuli hiyo tangu 1885. Hakuna aliyeishuku kuwa na uhusiano na ukuaji wa mimea. Mkojoni inatokana na kuvunjwa kwa triptofani, kazi ambayo bakteria wa utumbo wana mkono mkubwa ndani yake.

Sehemu ambayo vitabu vya shule huiruka ni hii. Kabla ya IAA, kundi hilo lilikuwa limetangaza vitu viwili vingine, “oksini a” na “oksini b”, pamoja na miundo yake kamili. IAA ikaitwa “heteroauxin”, yaani oksini nyingine, kana kwamba ni mtoto wa kambo. Maabara nyingine zikajaribu kuzipata a na b, zikashindwa. Mwaka 1966 sampuli zilizohifadhiwa zilipimwa kwa spektrometa ya masi, mashine inayopima uzito wa molekuli: “oksini a” ilikuwa asidi ya koliki, ambayo ni asidi ya nyongo, na “oksini b” ilikuwa thiosemikabazaidi, kemikali ya maabara isiyo na habari na ukuaji wa oti. Kwa zaidi ya miaka thelathini maandiko yalibeba homoni mbili zisizokuwepo.

Ilihitajika mimea kiasi gani kupata homoni moja?

Zamani, shehena. Kundi la Frederick Addicott huko California lilichakata kilo 225 za vitumba vya pamba na kupata miligramu 9 za kile kilichokuja kuitwa asidi ya absisiki. Hiyo ni 1963. Wakati huohuo Philip Wareing kule Wales alikuwa akitafuta kinachoyalaza machipukizi ya miti wakati wa baridi. John Cornforth akaonyesha mwaka 1965 kwamba vitu hivyo viwili ni kimoja. Brasinolidi, iliyotangazwa 1979, ilitoka kwenye kilo 227 za chavua ya mmea wa rapa iliyokusanywa na nyuki: miligramu 4 tu, na muundo wake ukasomwa kwa mionzi ya eksirei kupita kwenye fuwele.

Leo kwa kupima tu, bila kutenga fuwele, miligramu 100 hadi 200 za tishu mbichi mara nyingi zinatosha.

Nianzeje na sampuli zangu?

Anza shambani, si maabarani. Jani likinyauka mkononi mwako, asidi ya absisiki inapanda. Ukilijeruhi, jasmonati inapanda ndani ya dakika chache. Ukichukua sampuli za mimea iliyonyeshewa asubuhi na za mimea yenye kiu saa tisa alasiri, umepima saa, hukupima ukame. Kata zote muda mmoja, ziingize papo hapo kwenye naitrojeni ya kimiminika, kisha ziweke kwenye friza ya nyuzi −80. Friza ya jikoni haitoshi: vimeng’enya hupungua kasi tu, havilali.

Saga tishu ikiwa bado imeganda, kwa kinu kidogo na mchi vilivyopoozwa kwa naitrojeni hiyohiyo. Unga ukianza kulowana umechelewa. Ongeza methanoli ya asilimia 80 iliyo baridi, pamoja na kizuia-oksidi kidogo kama BHT, iache usiku kucha kwenye nyuzi 4 au chini yake, kisha zungusha kwenye sentrifuji na uchukue kioevu cha juu. Wengine hutumia mchanganyiko wa methanoli, maji na asidi ya fomiki kwa uwiano wa 15:4:1. Huo huua vimeng’enya haraka zaidi, nami ningeupendelea kwa sitokinini, kwani fosfatasi, vimeng’enya vinavyokata fosfeti, zikibaki hai huzigeuza nukleotidi za sitokinini kuwa kitu kingine ukiwa unakunywa chai.

Fanya kazi kwenye mwanga hafifu. IAA huharibika kwa mwanga, na asidi ya absisiki hugeuka umbo.

Kwa nini kila mwongozo unarudia habari za pH?

Kwa sababu ndiyo njia rahisi ya kuzitenganisha kwa makundi. IAA, asidi ya absisiki na jibereli zote ni asidi dhaifu. Kwenye pH ya 2.5 hadi 3 hazina chaji, hivyo huyaacha maji na kuingia kwenye ethili asetati. Kwenye pH 8 huwa na chaji na hubaki majini. Kwa hiyo: fukiza methanoli yote kwa ombwe, usizidi nyuzi 40, pandisha pH hadi 8, osha kwa ethili asetati na umwage tabaka hilo la juu pamoja na mafuta na rangi, kisha shusha pH hadi 3 na ukamue tena kwa ethili asetati mpya. Safari hii tabaka la juu ndilo la kutunza. Sitokinini nyingi hazifuati mkondo huo, kwa hiyo usimwage maji yaliyobaki kama unazihitaji, butanoli huzitoa.

Mimea yenye tanini nyingi, kama majani ya chai au maganda ya ndizi, ipitishe kwanza kwenye PVPP, unga unaonasa fenoli. Siku hizi wengi huruka funeli za kutenganishia na kutumia katriji, yaani vimrija vilivyojazwa unga unaonasa kemikali, za C18 au zile za kubadilishana ioni. Ni haraka na hutumia kimiminika kidogo. Kemia ni ileile, na asiyeielewa atashindwa hata akiwa na katriji ya bei ghali.

Tahadhari moja: jibereli huharibika kwenye besi kali na joto, nayo IAA kwenye asidi kali. Usiiache sampuli kwenye pH yoyote ukaenda nyumbani.

“Kiwango cha ndani” ni nini, na naweza kukiacha?

Ukikiacha, namba zako ni za kukisia. Katika hatua zote hizo unapoteza homoni, pengine nusu, pengine zaidi, na hasara hailingani kati ya sampuli na sampuli. Dawa yake ni kuongeza mwanzoni kabisa, pamoja na methanoli ya kwanza, kiasi unachokijua cha homoni ileile iliyotengenezwa kwa isotopu nzito, yaani atomi za aina ileile zenye uzito zaidi: IAA yenye deuteri (haidrojeni nzito) tano au kaboni-13 sita, asidi ya absisiki yenye deuteri sita. Kikemia zinatenda karibu sawa na ya asili, hivyo zinapotea kwa uwiano uleule, ila mashine huzitofautisha kwa uzito.

Tuseme umeweka nanogramu 10 za IAA nzito kwenye gramu 0.2 za jani. Mwishoni mashine inaonyesha IAA ya asili ni 0.6 ya ile nzito. Basi jani lilikuwa na nanogramu 6, yaani nanogramu 30 kwa gramu. Huhitaji kujua ulimwaga kiasi gani njiani. Wanaoongeza kiwango hiki mwishoni, kabla tu ya kuingiza sampuli mashinani, wanapima uhodari wa mashine peke yake.

Mashine inatambuaje homoni?

Mambo mawili lazima yakubaliane. Kwanza dakika ya kutoka kwenye kolamu ya kromatografia, mrija unaozitenganisha kemikali: sampuli yako na homoni halisi iliyonunuliwa zitoke pamoja. Pili masi. Spektrometa huipa molekuli chaji, huipima, huivunja, kisha hupima vipande. IAA yenye chaji chanya huonekana kwenye masi ya 176 na kipande chake kikubwa kwenye 130. Yenye deuteri tano huanzia 181. Asidi ya absisiki yenye chaji hasi ni 263, ikavunjika kutoa 153. Zeatini ni 220, ikatoa 136.

Kipande kimoja hakitoshi. Tazama angalau viwili na uwiano wao, maana mmea una maelfu ya molekuli na nyingine zina masi ileile. Jibereli ndizo kichwa ngumu zaidi: zimeshahesabiwa zaidi ya 130, nyingi zikitofautiana kwa kikundi kimoja cha haidroksili kuhamia kaboni ya jirani. Kwa hizo, kromatografia ya gesi pamoja na spektra nzima ya masi bado inaheshimika, ingawa lazima kwanza uzigeuze ziwe zenye kufukizika. Diazomethani iliyozoeleka kwa kazi hiyo ni sumu na hulipuka. Kama maabara yako haina kofia ya kufyonza hewa inayofanya kazi kweli, tafuta njia nyingine.

Sina spektrometa. Naweza kufanya chochote?

Unaweza kufanya vipimo vya kibayolojia, na usiviite vya kimaskini: homoni nyingi nilizozitaja hadi sasa zilifukuziwa kwa vipimo vya namna hii kabla ya kupewa jina. Kwa sitokinini, tumia mchicha. Miche midogo ya *Amaranthus* ikikuzwa gizani kisha ikawekwa kwenye myeyusho wenye sitokinini pamoja na tirosini, hutengeneza rangi nyekundu ya betasiani, na wekundu wake unasomwa kwa spektrofotometa ya kawaida. Kwa jibereli, nusu ya punje ya shayiri isiyo na kiini hutoa amilesi na kuyeyusha wanga ikiguswa na jibereli, iodini itakuonyesha. Au tumia mpunga mbilikimo, upime urefu kwa rula. Kwa ethilini, mche wa njegere uliokuzwa gizani hufanya mambo matatu kwa pamoja: hufupika, hunenepa na hulala ubavu. Dimitry Neljubow aliliona hilo St. Petersburg, akachapisha mwaka 1901, baada ya kugundua kwamba miche yake ilikuwa inaugua kwa gesi ya taa.

Kanuni ya kutumia vipimo hivi ni kwamba vinakuambia “humu mna kitu kinachotenda kama jibereli”. Andika hivyo hivyo kwenye ripoti. Na usisahau kupima mchujo kwa viwango kadhaa vya kuzimuliwa, kwa sababu vizuizi vilivyomo vinaweza kuificha homoni kabisa, halafu ukiongeza maji ikajitokeza.

Kipimo cha rangi cha Salkowski, cha kutafuta IAA, je? Wanafunzi wengi wanakitumia kwa bakteria wa udongo.

Kloridi ya chuma ndani ya asidi kali, pinki ikijitokeza inasomwa kwenye nanomita 530 hivi. Ni rahisi, na kwa kuchuja bakteria mia upate kumi wa kufuatilia kinafaa. Kwa jani hakifai. Indoli nyingine, yaani ndugu wa IAA kikemia, nazo hutoa rangi, na kiasi kilichomo kwenye jani ni kidogo mno kwa kipimo hicho. Tasnifu inayosema bakteria fulani “anazalisha mikrogramu kadhaa za IAA kwa mililita” kwa ushahidi wa Salkowski pekee imepima indoli kwa jumla.

Na ELISA, kipimo kinachoinasa homoni kwa kingamwili?

Nyepesi na ya bei nafuu kwa sampuli nyingi. Kasoro ni kwamba kingamwili zinaweza kushika ndugu wa homoni unayoitafuta, na mchujo mchafu hudanganya kipimo. Linganisha angalau sampuli chache na spektrometa kabla ya kuziamini zote.

Matokeo ya uongo yanatoka wapi zaidi?

Kwenye maabara yenyewe. Mfano maarufu ni kinetini. Folke Skoog na Carlos Miller kule Wisconsin walikuwa wanatafuta kinachofanya seli za tumbaku zigawanyike. DNA ya manii ya samaki aina ya heringi iliyokaa chupani muda mrefu ilifanya kazi. DNA mpya haikufanya, mpaka ilipopikwa kwenye otoklevu, chungu cha mvuke wa shinikizo. Kinetini iliyotambuliwa mwaka 1955 ilikuwa zao la DNA iliyochakaa kwa joto na muda. Safari hii bahati ilikuwa upande wao, kwa sababu mimea ina molekuli inayoifanana sana: zeatini, iliyopatikana kwenye mahindi machanga miaka ya mwanzo ya 1960. Lakini ukimkamua mmea kwa joto na asidi, jiulize kila mara kama unachokiona kilikuwemo au umekipika wewe. Asidi ya indoli-3-piruviki, kwa mfano, huvunjika wakati wa kukamua na kuzaa IAA ambayo haikuwemo kwenye jani.

Kwa nini maji ya dafu yanawekwa kwenye midia ya kukuzia tishu?

Johannes van Overbeek na wenzake walionyesha mwaka 1941 kwamba viinitete vichanga vya *Datura* vilivyokataa kukua kwenye sukari na chumvi tupu vilikua vikipewa maji ya nazi. Hayo maji ni chakula cha kiini cha nazi, na ndani yake kuna sitokinini, hasa zeatini ribosidi. Dafu changa na nazi iliyokomaa hazilingani, wala mnazi na mnazi, kwa hiyo anayetaka majibu yanayorudiwa hununua sitokinini safi. Maabara za miche ya migomba hutumia BAP, sitokinini ya kutengenezwa, kwa sababu hiyo. Dafu linabaki na faida yake pale bajeti inapobana.

Ethilini ni gesi. Inanaswa vipi?

Funga tunda kwenye chupa yenye kizibo cha mpira kwa saa moja au mbili, vuta mililita moja ya hewa kwa sirinji, iingize kwenye kromatografu ya gesi yenye kigunduzi cha mwali. Basi. Ni homoni rahisi kuliko zote kuitambua, na ndiyo maana tangu mashine hiyo ilipoanza kutumika kwa kazi hii mwaka 1959 utafiti wake ulikimbia. Kabla ya hapo Richard Gane wa Uingereza alilazimika kukusanya gesi ya matofaa mengi ili athibitishe mwaka 1934 kwamba tunda lenyewe ndilo linaloitoa.

Anayevundika ndizi shimoni kwa moshi anafanya kazi na molekuli hiyohiyo: moshi una ethilini, na ndizi zikianza zinaongezeana. Usifunge chupa muda mrefu mno, maana kabonidioksidi ikijaa inapunguza utoaji na kipimo kinashuka.

Mbona homoni ya maua ilichukua muda mrefu hivyo?

Mikhail Chailakhyan aliipa jina florijeni mwaka 1936 kwa ushahidi wa kupandikiza: jani lililoona urefu sahihi wa siku liliufanya mmea mwingine utoe maua. Watu wakakamua kwa methanoli na etha kwa miongo kadhaa, wasipate kitu. Mwaka 2007 ikathibitika kuwa ni protini, FT. Methanoli ilikuwa inaigandisha na kuiacha chini ya chujio.

Kiduha kinahusianaje na haya?

Mkulima wa mtama au mahindi aliyewahi kuking’oa shambani, kile gugu linalonyonya mizizi, lenye maua ya zambarau au mekundu, amekutana na mtambuzi wa homoni hodari kuliko mashine nyingi. Mbegu yake, ndogo kama vumbi, hukaa ardhini zaidi ya miaka 10 ikingoja. Haioti mpaka inuse strigolaktoni zinazotoka kwenye mzizi wa mwenyeji, yaani mmea unaonyonywa, kwa viwango ambavyo kwa miaka mingi hakuna kifaa kilichoweza kuvisoma. Strigolaktoni ya kwanza, strigoli, ilitengwa mwaka 1966 kutoka kwenye mizizi ya pamba, mmea ambao kiduha hakiwezi hata kuushambulia, na mbegu za kiduha ndizo zilizotumika kama kipimo. Ilichukua hadi 2005 kujua kwamba mmea hutoa strigolaktoni kuwaita kuvu wa mizizi, na hadi 2008 kujua kwamba ndani ya mmea ni homoni inayozuia matawi kuchipua ovyo.

Utambuzi makini wa molekuli unalipa hapa. Mitama mingi hutoa zaidi strigolaktoni iitwayo 5-deoksistrigoli. Baadhi ya mitama inayovumilia kiduha hutoa strigolaktoni nyingine, orobankoli. Zinatofautiana kwa oksijeni moja na kwa upande ambao pete moja imeelekea, na kwa tofauti hiyo mbegu nyingi za kiduha hubaki zimelala. Njia nyingine ni kuzidanganya ziote pasipo mwenyeji, zife njaa. Kule Carolina, Marekani, walipiga ethilini ardhini kwa lengo hilo, na kiduha chao kikapungua mno. Gesi na mitambo ya kuipigia chini ni gharama ambayo mwenye ekari mbili za mtama haimudu, ndiyo maana wafugaji wa mbegu wanaifuata orobankoli.